Manifoldi ya Bwana Mdogo

Machi 3
Mvua imeanza leo. Bati la karakana linavuja palepale pa mwaka jana, na bosi wetu, tunayemwita Subiri kwa sababu kila neno lake huanza na "subiri kwanza", ameweka ndoo ileile. Nimechomelea masufuria mawili na rejeta moja. Nyumbani, Bwana Mdogo hajatoka chumbani.

Machi 6
Bwana Mdogo ndiye kitinda mimba wetu. Sasa ana ndevu na mvi mbili tatu, lakini jina la utotoni limemganda. Mkewe aliondoka na mtoto wao kabla ya mwaka mpya, akarudi kwao. Naye akaturudia sisi, mimi na Mama, na begi moja na kigari chake cha milango mitano, kidogo kama kibiriti, kikivutwa kwa kamba, injini imekufa. Tangu siku hiyo analala. Halali usingizi, analala tu, macho wazi. Mama anaweka chakula mlangoni, anakiondoa, anaweka kingine. Mimi namlaani wifi yangu kila ninapoosha zile sahani zilizojaa. Mwanamke wa kumwacha mtu katika hali hii ana moyo gani?

Machi 7
Masufuria. Mvua.

Machi 11
Leo katoka! Nimerudi kazini nikamkuta uani, kavaa suruali ya kazi, kafungua boneti. Rafiki yake wa zamani kamletea kwa mkokoteni injini ya gari kubwa lililopondwa nyuma. Anataka kuiingiza kwenye kibiriti.

"Haiingii," nikamwambia.

"Inaingia. Nimepima."

"Umepima kwa nini?"

"Kwa macho."

Nikacheka, naye akacheka, upande mmoja wa mdomo. Mama alikuwa dirishani anatutazama. Mboga zikaungua.

Machi 15
Imeingia. Tumeishusha kwa mnyororo, mimi nikisukuma, yeye akielekeza, mpaka ikakaa kama iliyozaliwa mle. Kitu kimoja tu kimegoma: manifoldi ya hewa. Ni ile mikono minne inayotoka kwenye sanduku la hewa, kila mkono unakwenda kulisha silinda yake. Kwenye gari lake la asili ilikuwa na nafasi ya kujinyoosha. Huku kwetu inagonga ukuta wa mbele ya dereva, na boneti haifungi.

Bwana Mdogo akanitazama. "Dada, wewe si unachomelea alumini?"

"Nachomelea masufuria."

"Sufuria ni nini? Ni manifoldi isiyo na mikono."

Nimekubali. Tutatengeneza ya kwetu, fupi, inayopinda kwenda juu.

Machi 18
Ameilaza gasketi, ile karatasi ngumu ya kuziba maungio, juu ya bamba la alumini, akapitisha ncha ya msumari kuzunguka matundu manne. Bamba hilo ndilo litakalofungwa kwenye injini, na mikono itachomelewa juu yake. Vidole vyake havitetemeki hata kidogo. Amekula sahani mbili.

Machi 20
Kupiga tupa tu, kulainisha kingo za bamba.

Machi 22
Tupa tena. Subiri ameturuhusu kutumia jiriwa na mashine wateja wakishaondoka. "Subiri kwanza nifunge ofisi," kasema, "halafu chezeni."

Machi 25
Nimechomelea mikono yote minne, na nimeharibu. Alumini ina visirani: ukiitia moto mwingi upande mmoja, inajikunja kama jani. Nilipaswa kulifunga bamba kwenye chuma kinene, nichomelee kidogo hapa, kidogo pale, niliache lipoe. Nilikuwa na haraka ya kumwonyesha. Tulipoliweka juu ya injini, ukucha ulipita chini yake.

Nikamwomba radhi. Nilidhani huyo anarudi kitandani. Akaigeuza ile takataka mikononi, akasema, "Basi kesho tunaanza upya," na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepewa zawadi.

Machi 26
Mama amenifuata jikoni asubuhi. Tangu mwanzo anakiita kigari kile "kopo". Leo hakukitania.

"Nasikia limeharibika."

"Limeharibika."

"Mtarudia?"

"Tutarudia."

"Afadhali." Akapanga vikombe, akavipangua, akavipanga. "Sikiliza, mwanangu. Anakula. Ananiamkia. Jana kaniuliza mgongo wangu unaendeleaje. Usilimalize haraka lile dude lenu."

"Mama, mimi ni fundi. Kazi ya fundi ni kumaliza."

"Na kazi ya dada?"

Nilikunywa chai kwa haraka ikaniunguza ulimi.

Aprili 1
Mvua haikati. Bamba jipya, nene zaidi. Safari hii nimelifunga kwenye chuma, na limetoka limenyooka kama rula. Tukienda hivi tunamaliza wiki ijayo. Sikulala vizuri.

Aprili 4
Nimefanya. Nimekata mkono wa pili mfupi kwa upana wa kidole, makusudi, nikamwambia tepu imenihadaa. Mikono ikipishana urefu, silinda moja inashiba hewa na nyingine inalala njaa. Bwana Mdogo akaupima, akaupima tena, akasema, "Haya. Tukate mingine."

Jioni nimemnong'oneza Mama. Alinipakulia kwanza, kabla ya wote.

Aprili 7
Tumekunja mabomba ya mikono mipya. Unajaza mchanga ndani ya bomba ili lisibonyee, unapasha moto, unakunja taratibu kama mtu anayemgeuza mgonjwa.

Aprili 9
Tumecheka leo mpaka Subiri akatoka ofisini. Mama mmoja kaleta sufuria kubwa la kupikia shuleni, limetoboka kitako. Bwana Mdogo akalizunguka, uso mkavu, akamuuliza, "Hili lina nguvu za farasi wangapi?" Yule mama hakusita: "Farasi sijui. Lina nguvu za wapishi wawili na mlevi mmoja." Nimelichomelea huku machozi yananitoka ndani ya kinyago.

Aprili 12
Niandike ukweli. Miaka yote nimekuwa nikitoka karakana peke yangu, nashika mwavuli, nafika nyumbani, nakula, nalala. Sasa jioni nina mtu. Ananishikia bomba, ananikosoa, ananiletea chai kwenye kikombe chenye mafuta ya gari. Leo nimetoboa tundu la nozeli ya mafuta nje ya alama, makusudi tena. Sasa itabidi bamba la tatu. Nilipokuwa natoboa, sikujiuliza kama ni kwa ajili yake au yangu.

Aprili 13
Mvua. Hakuna umeme.

Aprili 17
Bwana Mdogo kakaa juu ya tairi mchana kutwa, tupa mkononi, bila kupiga tupa. Nilipomwita akaitika mara moja, kwa adabu, kama mtu wa mapokezi. "Nimechoka kidogo tu, Dada." Nimemtengenezea chai. Akainywa yote, mpaka ikaonekana anainywa kwa ajili yangu.

Aprili 20
Nimempigia simu wifi. Nilikuwa nimejipanga. Nilitaka kumwambia mtoto ana haki ya kuongea na baba yake, na mengine zaidi ya hayo, maneno niliyoyanoa kwa miezi. Nilisimama nyuma ya karakana, chini ya ule ukingo wa bati, mvua ikinilowesha mguu mmoja.

Salamu zilipoisha tu akauliza, "Yuko hai?"

Nikayameza yale maneno yangu yote.

"Yuko hai. Anatengeneza gari."

"Ah. Gari." Nyuma yake mtoto alikuwa anasoma kwa sauti, silabi kwa silabi. "Limebaki nini?"

"Manifoldi ya hewa."

"Halafu?"

"Halafu basi. Liwake."

"Wifi, nisikilize. Kule tulikokuwa tunaishi alijenga banda la kuku, na kuku hatuna. Akapaka nyumba rangi, ndani na nje. Akachimba mtaro mpaka barabarani. Kila kazi ikiisha analala, na kila mara analala zaidi ya mwanzo. Nikawa nalegeza bomba la jikoni kwa mkono wangu ili livuje, apate cha kuamkia. Nimeng'oa bawaba za kabati. Siku moja nikamvunjia mtoto baiskeli yake mwenyewe. Nikageuka, mtoto amesimama mlangoni, kaniona. Siku hiyo ndiyo niliyofunga mizigo."

Nikamwambia, "Ungetuambia."

"Nilimwambia Mama. Akanijibu mume hutunzwa." Hakusema kwa hasira. "Ninyi mlidhani mimi ndiye ugonjwa."

Nikamwomba anisamehe, sikumwambia kwa lipi. Naye hakuuliza. Akasema mtoto anaandika kwa mkono wa kushoto kama baba yake, na anamkumbuka, lakini kila akimpigia simu babake hapokei. Hilo sikulijua. Hakuna aliyeniambia kwamba simu ilikuwa inalia mle chumbani.

Aprili 22
Nimemaliza sanduku la hewa. Nimeacha tundu dogo, dogo kama la sindano, chini ya mkono wa tatu, kwenye pembe isiyofikiwa na macho. Yote aliyoniambia wifi nimeyasikia, na bado nimeliacha.

Aprili 27
Leo tumepima. Unaziba kila mlango wa manifoldi, unaingiza upepo kidogo wa kompresa, unapaka maji ya sabuni kwenye maungio. Panapovuja panatoa povu. Subiri alikuwa ameondoka mapema. Tulikuwa sisi wawili na mvua juu ya bati.

Bwana Mdogo alichovya brashi, na hakuanza mwanzo. Alikwenda moja kwa moja chini ya mkono wa tatu, kwenye ile pembe. Povu likatoka, dogo, jeupe.

"Hapa," akasema.

"Lo. Limenipita."

"Halijakupita." Sauti haikupanda. "Nimekuona ukichomelea tangu sijaota ndevu. Wewe huwezi kuacha tundu pale hata ukiwa usingizini."

Nilijifanya naifuta mikono.

"Nimejua tangu ule mkono mfupi," akaendelea. "Tepu imhadae nani? Wewe? Unayekata vipande vya sabuni kwa rula?"

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unafurahi." Akailaza brashi juu ya benchi, taratibu. "Unaimba ukikata. Mama naye anafurahi, anapika kama kuna wageni. Nikasema basi, niamke. Kila asubuhi nakaa kitandani najisukuma: amka, wanakusubiri, nenda ukawafurahishe. Kazi hiyo ni nzito kuliko kuinua injini. Nimechoka, Dada. Tumalize."

"Nikiliziba utalala."

"Nitalala."

"Basi siliibi— siliZIBI." Ulimi ulinikwama, nikaona aibu, na yeye akatabasamu kidogo, kwa huruma, yeye ndiye ananihurumia mimi.

"Hata usipoliziba nitalala," akasema. "Ila nikilala kabla gari halijawaka, mtasema sababu ni gari."

Nikalia. Sikumbuki mara ya mwisho kulia mbele ya mtu. Akasimama karibu yangu, hakunigusa, akawa anafuta lile povu kwa kidole, nalo linarudi, anafuta, linarudi. Halafu akaifunga kompresa ili nisilie juu ya kelele.

Siku zote nimejiona mimi ndiye ninayemshika asizame. Kumbe alikuwa anatembea chini ya maji, sisi tumemkalia mabegani.

Aprili 28
Sikwenda kazini. Nilimwambia Subiri tumbo.

Mei 2
Nimeziba. Nimeng'oa mshono wote wa mkono wa tatu nikauanza upya. Sijawahi kuchomelea vizuri namna hii maishani mwangu. Mshono umejipanga kama ukili wa mkeka. Tumepaka sabuni kila mahali. Kukavu. Bwana Mdogo akapitisha kidole juu yake kutoka mwanzo hadi mwisho, akasema, "Hii hata Subiri hatasema subiri." Nilitamani kuitupa mtaroni.

Mei 6
Imewaka.

Tuliifunga asubuhi, gasketi, boliti, mabomba ya mafuta, nozeli, waya. Boneti ikafunga kwa sauti nzuri, ile sauti fupi. Subiri alikuja kwetu na mwavuli kushuhudia. Bwana Mdogo akazungusha ufunguo. Injini ikakohoa mara mbili, ikashika, ikapanda juu kidogo, ikatulia. Silinda zote nne, sawasawa, hakuna inayolala njaa. Subiri akaivulia kofia. "Subiri kwanza," akaanza, akakosa la kuongezea, akanipa mkono. Kanipa mkono kama anavyompa mwanamume mwenzake, baada ya miaka yote hii. Sikuona raha yoyote.

Mama kapandishwa mbele. Wakaenda mpaka mwisho wa barabara, wakarudi. Nilimwona kupitia kioo, kashika dashibodi kwa mikono miwili, anacheka kama msichana, anasema, "Polepole! Polepole!" huku anataka mbio. Na pembeni yake Bwana Mdogo, anakata kona, anabadilisha gia, uso ule wa mtu aliye kwenye foleni na anajua dirisha litafungwa kabla hajafika.

Akalizima. Akafuta mikono kidole kwa kidole, akanipa funguo.

"Asante, Dada. Imetoka nzuri sana."

Mei 7
Hajaamka.

Mei 8
Hajaamka.

Mei 10
Mvua imepungua. Chakula hali. Maji anakunywa nikimshikia kikombe.

Mei 12
Nimerudi kazini nikasikia kishindo. Mama alikuwa sebuleni, nyundo mkononi, anavunja mguu wa meza. Meza nzima, nzuri, haina kosa. Aliponiona hakuacha. Akapiga mara ya mwisho, mguu ukaachia, akaukokota mpaka mlangoni kwa Bwana Mdogo.

"Baba," akaita, kwa ile sauti tamu ya kumwita mtoto, "meza imevunjika. Njoo uitazame."

Kutoka ndani: "Iacheni tu, Mama."

Mama akakaa chini pale pale, mguu wa meza mapajani.

Nilikuwa na maneno ya wifi moyoni, nikayatoa. "Mama, wifi alikuambia haya?"

"Aliniambia."

"Ukamjibu mume hutunzwa."

"Ningemjibu nini?" Alinitazama, na kwa mara ya kwanza niliona jinsi alivyozeeka. "Ndilo nililofunzwa. Sina jingine."

Nilitaka kumkasirikia. Nilikaa naye sakafuni badala yake. Sote watatu tulikuwa upande huu na ule wa mlango mmoja, na hakuna aliyekuwa na kifaa.

Mei 15
Jua, mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Mtaa mzima umeanika magodoro.

Mei 18
Nimeingia kwake, nimekaa ukingoni mwa kitanda.

"Usinitafutie kazi nyingine," akasema kabla sijafungua mdomo.

"Sikutafutii. Twende hospitali."

"Wakatengeneze nini?"

"Sijui."

"Haya," akasema. Hakukubali. Alikosa nguvu za kukataa. Mama aliposikia akasema watu watasemaje, kisha akaenda kupiga pasi shati la Bwana Mdogo.

Mei 19
Nimeendesha mimi. Bwana Mdogo alikaa nyuma, kichwa kwenye kioo, Mama mbele na mkoba juu ya mapaja. Injini ilivuta vizuri njia nzima, na hakuna aliyelisema hilo. Tumekaa kwenye benchi asubuhi nzima. Daktari ni kijana mwenye mafua, anapenga kila baada ya sentensi mbili, lakini alitazama mtu usoni. Akamuuliza usingizi, chakula, kama anawaza kufa. Mama akageukia dirisha. Bwana Mdogo akajibu, "Siwazi kufa. Nawaza kutokuwepo." Daktari akasema, "Asante kwa kuniambia," akauliza tena, akauliza kwa undani, hakuharakisha.

Halafu akauliza, "Hali hii imeanza lini?"

"Tangu mkewe aondoke," akasema Mama.

"Kabla ya hapo," nikasema mimi. "Walipokuwa bado pamoja."

Daktari akamtazama mwenyewe. Bwana Mdogo alikuwa anakodolea mikono yake.

"Tangu niko darasa la sita," akasema.

Daktari akaandika. Kampa vidonge, kasema vinachukua wiki kadhaa kabla mtu hajahisi lolote, na huenda visifae, itabidi kujaribu vingine. Kampangia arudi Jumatatu aongee. Bwana Mdogo akaitikia kwa adabu, ile ya mtu wa mapokezi.

Njia nzima ya kurudi nimekuwa nikiutafuta kichwani mwaka ule wa darasa la sita. Nimeupata. Ndio mwaka alioitengeneza redio ya marehemu Baba. Akatengeneza pasi, saa ya ukutani, kitasa cha jirani, mashine ya kushonea ya yule fundi wa kona. Watu walikuwa wanatoka mtaa wa pili kuja kumtazama, mtoto mdogo vile, bisibisi mkononi, hachezi na wenzake. Kila alipomaliza kimoja tulimtafutia kingine. Tulijivuna sana.